Mkubwa Hutangulia

Dolphine aliinama jikoni kwa mama mkwe wake, akagonga mifuko ya simiti kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Wa juu ulikuwa bado laini. Wa chini, ulioegemea ukuta, ulijibu kama jiwe.

"Huu umeshakufa," alimwambia mumewe, Cephas, naye akavua kofia kana kwamba yuko matangani.

Simiti hiyo waliinunua mjini Homa Bay kwenye duka la Yakub, aliyewaonya kwa nia njema kwamba bei itapanda tena. Ikapanda kweli. Misumari ikapanda, mabati yakapanda, hata mchanga wa mtoni, ambao Mungu hakuuwekea bei, ukapanda. Dolphine akajiona mwenye hekima kama wale wanawali watano waliobeba mafuta ya akiba. Alichosahau ni kwamba simiti si mafuta. Haimngoji bwana arusi.

Na bwana arusi aliyekuwa akingojwa alikuwa Jacktone, kaka mkubwa wa Cephas. Katika boma lao hapo Rangwe, kama katika boma lolote la Wajaluo linalojiheshimu, mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Jacktone alikuwa hajajenga. Alipanga chumba sokoni, akala kwa mama yake, na kila alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba anangoja bei ya mabati ishuke.

"Shemeji, tangu uzaliwe umeona kitu gani kikishuka?" Dolphine alimwuliza siku moja.

"Ziwa," alisema Jacktone. "Hupanda, kisha hushuka. Wewe nyar Takawiri unajua hayo." Alipenda kumwita hivyo, binti wa Takawiri, kwa kisiwa alikozaliwa, hasa alipokuwa hana jibu lingine.

Dolphine alimwomba Mungu subira, akapewa. Akaomba nyumba, akapewa subira zaidi. Mjini walikokuwa wamepanga, mwenye nyumba aliongeza kodi akisingizia stima, na jikoni kwa mama mkwe mfuko wa pili ukafa. Siku hiyo Dolphine alipiga magoti, akakaa hapo muda mrefu kuliko kawaida. Alipoinuka alimwambia Cephas kwamba watamjengea Jacktone, kwa simiti yao, kabla haijawa mlima.

Cephas alisema watu watawacheka. Dolphine alimjibu kwamba walishaanza.

Jacktone alikubali haraka mno. Alifika kwenye ujenzi kila asubuhi na kiti chake, akakaa kivulini. Karai hakuligusa, lakini maoni alikuwa nayo: mlango uangalie barabara, dirisha liwe pana, kuta zisiwe za haraka haraka. Nyumba yake ya vyumba viwili ilipomalizika, ile ya Dolphine ilikuwa imepungua kwenye karatasi kabla hata ya msingi kuchimbwa. Vyumba vinne vikawa vitatu. Vigae vikawa sakafu ya simiti. Dari likabaki kuwa ombi. Hata hivyo alijengewa, na ule mfuko wa kwanza uliogeuka jiwe ukawekwa mlangoni pake kuwa ngazi.

Kisha Ondieki, fundi wa stima, alikuja kumtilia nyaya. Jacktone akainuka kitini. Alieleza kwamba taa ya mdogo haiwezi kuwaka kabla ya taa ya mkubwa.

Cephas alimwuliza ni babu yupi aliyesema hivyo, wakati mababu wote walikufa bila kuona balbu.

"Wazee walisema moto," Jacktone akasema. "Stima ni moto wa siku hizi."

Mama yao alikohoa. Dolphine aliuza kabati lake la vyombo, Jacktone akawekewa nyaya na mita yake mwenyewe. Siku ya kuwasha, akina mama wa kanisa waliimba, na Jacktone akatoa shukrani ndefu ambazo hazikumtaja mtu.

Mwezi haukuisha bila shida. Pesa ileile ilinunua stima pungufu kila mara, kwa hiyo Dolphine alipiga pasi Jumamosi tu, na taa ikawaka palipo na mtu. Jacktone alinunua koili ya kuchemshia maji ya kuoga na redio yenye spika mbili kama milango. Punde stima aliyolipia ikaisha, nyumba yake ikawa giza. Alieleza kuwa inapumzika, akahamia sebuleni kwa Dolphine na chaja yake, hasa siku za mpira.

Jioni moja ya mechi alikuwa ameketi karibu na televisheni, na mama yake pembeni akibambua njugu. Dolphine alisimama mlangoni.

"Shemeji, nisaidie jambo la mila. Nyumba ya mdogo inaweza kuwaka kama ya mkubwa ina giza?"

"Haiwezi," alisema Jacktone, macho kwenye mpira. "Hiyo inaleta laana kabisa."

Dolphine akanyoosha mkono, akazima swichi kuu. Televisheni ikafa mshambuliaji akiwa ameinua mguu. Katika giza zilisikika njugu tu, moja, halafu nyingine.

"Mama," Jacktone alisema hatimaye, "unamwona huyu?"

"Sioni. Ni giza," alisema mama. "Lakini wewe ndiye mkubwa, mwanangu. Tangulia."

Jacktone akatoa simu, na zile pesa alizoziweka kando acheze kamari kwamba timu yake itashinda kipindi cha pili, akanunulia tokeni za stima. Akatoka, akajikwaa kwenye ile ngazi, akasema neno lisilofaa kuandikwa. Walimsikia kwenye mita yake akibonyeza namba huku akizisoma kwa sauti, kama mtu anayekariri zaburi asiyoipenda.

Dirisha lake pana likawaka. Akasimama mlangoni pake, mikono kiunoni.

"Nyar Takawiri," aliita kwa sauti ya mwenye boma, "sasa naruhusu. Washa."

Dolphine akawasha. Walikuta timu ya Jacktone inafungwa bao la nne, kwa hiyo zile pesa zingepotea bure. Lakini Dolphine, kwa subira yote aliyokuwa amepewa, hakumwita aje aone. Alimwachia Mungu amweleze.