Eevert na Saa za Mashariki

Kiti cha kungojea kwenye kliniki yetu ya macho hapa Haparanda ni kigumu, na siku ile nilikikalia kama nimekalia siafu. Kaka yangu Eevert alikuwa hajafika. Daktari wa macho huja kwetu kwa nadra, na leo alikuwa amtoe Eevert mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikufa zamani. Hili la kushoto ndilo lililobaki, nalo limeshaingia ukungu. Akikosa zamu angengoja mpaka vuli, na kufikia vuli asingemjua hata mtu aliyesimama mlangoni pake.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne asubuhi, na hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake. Nikampigia simu, ikaita mpaka ikachoka. Eevert huiacha simu dirishani akaendelea na shughuli zake.

Yeye anakaa Tornio, ng'ambo ya mto, upande wa Ufini. Mimi niliolewa upande huu wa Uswidi. Ni mwendo wa daraja tu, ila saa yao imetangulia yetu kwa saa nzima. Hatujawahi kugombana kwa hilo, maana desturi ni moja: unafuata saa ya nyumba unakokwenda. Ukialikwa kahawa Tornio, ni saa ya Ufini. Ukija kwetu, ni ya Uswidi. Hata kwenye mazishi hakuna anayeuliza.

Nikampigia mjukuu wangu Hillevi. Ndiye aliyetengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa kwa simu, na wiki hii ndiyo kwanza imeanza kutumika. Akaniambia programu haina kosa, kila mgonjwa ameandikiwa saa ya kwao. Nikamwuliza Babu Eevert ameandikiwa nini. Akanisomea: saa tano asubuhi, Saa za Ulaya Mashariki.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo saa ya Ufini, Bibi. Jina lake rasmi. Kompyuta inayo majina hayo tayari kwa kila lugha, mimi sikuyagusa."

"Mwanangu, ukimwita Eevert mtu wa Mashariki, atageuka nyuma kutazama unamwita nani."

Nilishaona alichofanya Eevert. Ameona saa tano, akaona jina ambalo si lake wala langu, akaliruka, akafuata desturi. Kliniki iko Uswidi, basi ni saa tano ya Uswidi.

Nikamwomba muuguzi, Gunvor, amvumilie kidogo. Akasema kwa upole kwamba daktari hamngoji mtu, atamwita anayefuata. Nikatoka. Nikachukua kiti changu cha kutelezea juu ya theluji, kile cha kusukuma kwa mguu mmoja, nikavuka daraja upepo ukinichapa usoni. Kila niliyempita alinisalimia, na sikumjibu hata mmoja.

Nilimkuta Eevert jikoni ananyoa ndevu, povu shavu moja, kahawa mezani.

"Lempi, mbona unahema? Bado mapema."

"Zamu yako imepita. Waliandika saa tano ya kwenu."

"Waliandika ya Ulaya Mashariki. Mimi na Ulaya Mashariki wapi na wapi? Nakwenda Uswidi, nafuata saa ya Uswidi. Wewe ungefanyaje?"

Ningefanya hivyohivyo.

Nikamkalisha kwenye kiti cha kutelezea na nusu ya ndevu zake, nikamsukuma. Njiani alilalamika kwamba namwendesha kama gunia la viazi. Tulipofika, Gunvor alikuwa mlangoni anatupungia mkono tufanye haraka. Mgonjwa aliyefuata naye hakutokea, daktari amekaa bure. Wakamwingiza Eevert hapohapo. Nikakaa, na kile kiti kikawa laini.

Baadaye mlango ukafunguka akaingia Toini wa Tornio, mjane, na kofia yake ya kanisani.

"Nimewahi," akasema, akitabasamu. "Nilijua nitakuta foleni."

Gunvor akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Yule ambaye hakutokea alikuwa huyu, na Eevert alikuwa ndani kwa zamu yake.

Nikamweleza mwenyewe, sikutaka aisikie kwa mtu mwingine. Toini akavua kofia, akaiweka magotini. Akauliza kama sasa ni mpaka vuli. Gunvor akasema atamwomba daktari mwishoni, ila haahidi.

"Basi Eevert akitoka," Toini akaniambia, "mwambie asinikodolee sana na hilo jicho langu."

Simu ikalia. Ni Hillevi. Amekwishabadilisha, tangu sasa watu wataandikiwa Saa ya Ufini na Saa ya Uswidi. Akauliza kama Babu amefika.

"Amefika," nikasema. "Sasa wapigie wote wa ng'ambo waliobaki leo, mmoja mmoja, kwa mdomo wako. Usiwaandikie."

Kisha nikahamia karibu na Toini. Tukaukazia macho mlango wa daktari, na kiti kikawa kigumu tena.