Uso wa Kudra Chini ya Liwa

Maji ya kwanza yalitiririka ya manjano, kama ilivyotarajiwa. Alipomwagia ya pili, Nasma akaangusha kata.

Kudra, binti wa kaka yake, alikuwa amewekwa ndani wiki tatu hapo Kasulu akisubiri kuolewa na Mudathiri wa Kibondo. Ndoa ilikuwa kesho. Leo ilikuwa siku ya kumwosha liwa ya msandali aliyopakwa, na Nasma, shangazi mtu na mwenye duka la vipodozi, ndiye aliyekabidhiwa uso huo. Sasa uso ulikuwa mbele yake na hakuutambua. Kutoka sikioni hadi puani ulijaa miduara, mduara ndani ya mduara, kingo zimeinuka na kumenyeka magamba.

"Yarabi toba!" Mama Kudra akapiga ukelele. "Mwanangu kafanywa nini?"

Kilikuwa choa. Wiki ya kwanza kilianza kidogo chini ya taya, hakizidi kifungo cha shati. Nasma alicheka tu, maana dukani alikuwa na tyubu ambayo akina mama wa Makere hadi Kagerankanda waliigombania: paka leo, kesho kutwa wekundu umekwisha na ngozi inang'aa. Akampaka, choa kikanywea, akajipongeza na kumpaka uso mzima. Juu yake liwa. Liwa ikitoka, manjano yanaingia. Uso haukupata kuona mwanga.

"Shangazi, panawasha," Kudra alikuwa akilalamika.

"Dawa inafanya kazi, mwanangu. Ukitaka uzuri sharti udhurike."

Eti udhurike! Mtu mzima na akili zake, anauza kitu asichojua kazi yake, kisha anakitolea methali.

"Ni jicho!" Mama Kudra akasema. "Yule Mkongo wa vitenge alichungulia chumbani jana akamsifu mtoto, hata mashallah hakusema!"

Apoline, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, alikuwa amerudi asubuhi hiyo na vitenge vyake. Wanawake wakamkamata palepale uani.

"Miye sikugusa ule mutoto, mama! Nilisema tu ako muzuri!"

Nasma hakumtetea. Moyo wake ulipata nafuu, na nafuu hiyo ikamtisha kuliko miduara. Akamfunika Kudra kanga, wakapenya uchochoroni hadi zahanati.

Mganga wa zamu aliugeuzia uso wa binti dirishani, akaomba kuiona tyubu, akaguna.

"Hii inatuliza wekundu tu, fangasi haiui. Umemnyamazisha mbwa, mwizi umemwacha ndani. Acheni kuipaka leo hii. Nampa ya fangasi, atapona, ila ni wiki kadhaa. Si kesho."

Nasma alijaribu kukumbuka sura za wote aliowauzia, akashindwa.

Waliporudi, ugeni wa Kibondo ulikuwa umeshafika. Apoline bado alikuwa amezuiwa mlangoni, vitenge vyake vimekanyagwa topeni. Bi Asmahani, mama yake Mudathiri, aliketi mkekani amekunja uso.

"Nasikia mwali karogwa," akasema. "Mie mwanangu simwingizi kwenye nyumba ya mambo hayo. Nishaonja moto wake."

Mama Kudra akaanza kulia. Chini ya kanga, vidole vya Kudra vilimbana Nasma mkono.

"Sema, Shangazi."

Akisema, duka limekufa, na jina lake pia. Nasma aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaitoa tyubu kifuani, akaiinua wote waione.

"Hakuna jicho wala uchawi. Ni choa, na nimekikuza mimi kwa mkono wangu, kwa dawa hii ninayoiuza. Mwacheni mama wa watu aende."

Bi Asmahani akaipokea tyubu, akaigeuzageuza muda mrefu. Kisha akateremsha ushungi wake begani. Shingo yote ilikuwa miduara.

"Nilinunua kwako kabla ya Ramadhani," akasema kwa sauti ndogo. "Mke mwenzangu ndiye aliyekuwa akinipaka. Ilipozidi, nikasema kaniroga, na watu wakaniamini. Wakaichoma nyumba yake. Kakimbia na wanawe, na hadi leo hatujui alipo."