Pikipiki Mbili Kwenye Kizuizi cha Reli

…na wala hakuanguka, hakuyumba hata kidogo, pale kwenye mzunguko ambapo lori limemwaga kokoto amelala na pikipiki upande wa kushoto vilevile kama zamani, bega chini, shingo imenyooka, kisha akainuka taratibu kama mtu anayeinuka mezani baada ya kushiba, na mkewe aliyekuwa anamfuata nyuma juu ya ile pikipiki ya zamani, aliyekuwa amebana pumzi tangu wanatoka getini dukani, akaiachia yote kwa mkupuo mmoja, kioo cha helmeti kikajaa ukungu, akabaki anaendesha ndani ya wingu huku anacheka peke yake kama chizi, ameweza, jamani, Waya ameweza, na sasa kizuizi cha reli kimeshuka mbele yao, taa nyekundu zinapokezana, wamesimama sambamba kwenye lami yenye joto, mume kwenye mpya ya dukani waliyopewa waijaribu, mke kwenye ya nyumbani, na treni bado haijatokea, inasikika tu mbali kama mtu anayeburuta makabati ghorofani, na yeye anamtazama mumewe kwa pembeni, mkono wa kushoto ule, mkono ulioliwa na kiharusi, umetulia juu ya mshikio kama mgeni aliyekaribishwa asipewe kazi yoyote, kwa sababu mpya haina haja nao, mpya haina klachi ya kubana, unabonyeza kitufe kwa kidole gumba inaingia gia, unapunguza mwendo inashuka gia yenyewe, kimyakimya, bila kukwaruza, na yule mama muuzaji, yule wa miwani iliyopandishwa kichwani, alipoeleza habari hiyo Waya alitazama pale ambapo wenzo wa klachi hukaa, pakiwa patupu, akapapapasa na vidole vyake vizito, akasema "kumbe wametufikiria na sisi," na mke akageuka haraka kutazama matairi, matairi gani sasa, hakuona tairi hata moja, macho yalikuwa yamejaa maji.

Lakini leo si siku ya kulia, leo moyo unamrukaruka kama mtoto aliyeahidiwa safari, na uso wa mpya jinsi ulivyo, taa zake nyembamba kama macho ya paka aliyeshtuliwa usingizini, kioo cha upepo kinachopanda na kushuka chenyewe, ukibonyeza kinapanda mpaka kipaji cha uso na upepo wote unakupita juu, wakati hiki chake cha zamani kina ufa kutoka kona hadi kona uliozibwa kwa gundi, na upepo unakupiga kifuani mchana kutwa mpaka jioni unajisikia kama umegombana na mtu, na ile skrini yenye rangi, ramani, hali ya hewa, shinikizo la matairi, kila kitu isipokuwa umri wako, ya zamani ina mishale miwili tu, wa mwendo na wa mzunguko wa injini, na ule wa mwendo una tabia ya kutetemeka ukifika katikati kana kwamba haujiamini, "hii ina akili," muuzaji alisema, "ukifunga breki kwenye mchanga inajua, ukikata kona usiku taa inakata kona na wewe," na Waya akitikisa kichwa kwa adabu, fundi umeme huyo, mtu aliyepanda nguzo tangu ujana wake mpaka mtaa mzima ukamsahau jina, wakamwita Waya, hata mama yake mzazi, mtu wa kuuliza "mkondo unatoka wapi unaenda wapi" kabla ya kugusa chochote, na akauliza, aliuliza maswali mpaka muuzaji akashusha miwani machoni.

Treni imetokea, kichwa chake cha rangi ya kutu kinakuja polepole, ni ya mizigo, ndefu hiyo, Mungu wangu, na joto la injini limeanza kumpanda pajani upande wa kulia, hilo nalo, ya zamani hukuchoma paja ikisimama, mpya inatoa joto lake chini kwa heshima, na kidole chake kinaelekea kwenye swichi ya kuzima, na hapo hapo Waya anainua kioo cha helmeti, anamgeukia, anasema kitu, mdomo unafunguka, yeye anasikia "ii," halafu "zi," halafu honi ya treni inameza mengine yote, anamwonyesha sikio, sikusikii, Waya anarudia na mabehewa yameshaanza kupita, ngurumo, chuma juu ya chuma, "ii… zi…" basi, na kidole kimebaki hewani juu ya swichi kama kimegandishwa… iuze, amesema tuiuze, ndiyo, ni habari ya asubuhi hiyo, kwenye chai, alipokuwa anapaka siagi kwa mkono wake mmoja mzuri akasema, "Hii ya zamani tuwaachie palepale dukani, wataipokea, mpya itatupungukia bei," na yeye akajibu "sawa," akaendelea kukoroga chai, sawa, neno jepesi, limetoka lenyewe, maana ilikuwa kweli ni sawa, nyumba yao ina kibanda cha pikipiki moja, mtu mwenye akili timamu anafuga pikipiki mbili za kazi gani, na zaidi ya hapo, tuseme ukweli, alikuwa ameshaikalia mpya, kiti cha nyuma, dukani, wiki iliyopita, kiti kipana chenye mgongo wa kuegemea na vishikio pembeni, kimeshonwa mishono miwili sambamba isiyopinda, yeye fundi wa kushona mapazia na mashuka ya hoteli anaujua mshono, alipitisha kidole juu yake akaona wivu, akakaa, akasema "hapa hata nikisinzia sianguki," wakacheka wote watatu, kwa sababu miaka yote ile nyuma ya Waya kwenye ya zamani alikalia kitu kama ubao uliofunikwa ngozi, wakifika waendako inambidi asimame kwanza akishikilia ukuta, makalio yamekufa ganzi, Waya anasema "bibie, umefika wewe au umefika nusu," na safari zenyewe zilikuwa tamu, ziwani, milimani, kwenye harusi ya mdogo wake walikofika wamejaa vumbi mpaka bi harusi akadhani ni mafundi wa jenereta, lakini ukimuuliza aliona nini njiani atakuambia mgongo, mgongo wa koti la Waya, mshono wa katikati, ule uliofumuka kidogo chini ya kola ambao kila safari alijiambia akirudi atauziba.

Mgongo, miaka yote mgongo, halafu kiharusi, halafu ile miezi ya kitanda na fimbo na kujifunza kushika kijiko, na pikipiki imefunikwa turubai kibandani kama maiti, yeye alikuwa anaenda kuiwasha tu betri isife, ndiyo ilikuwa nia, wallahi, anaiwasha inanguruma anaizima, siku nyingine akaikalia wakati inanguruma, mbele, kiti cha mbele, miguu inafika chini vidole tu, siku nyingine akaisukuma mpaka mlangoni na kuirudisha, na shemeji yake, mdogo wa Waya, akamkuta hapo, akasema, "Shem, ama uteremke ama tukaendeshe, hii si farasi wa mbao," wakaanza kwenda uwanja wa mnada siku za mapumziko, akaangusha, akaangusha tena, kioo kile ni yeye aliyekipasua, ikamzimikia mara zisizo na idadi, kisha ikamwingia, ilimwingia kwenye mguu kwanza, mguu uliokanyaga pedali ya cherehani maisha yake yote unajua kuachia kidogokidogo bila kufikiri, mkono ukauiga mguu, klachi ikaachia kama kitambaa kinavyoingia chini ya sindano, na ikaenda, ikaenda yenyewe, kilo zote zile, na Waya nyumbani kwenye kiti cha dirishani anasikia anavyorudi, siku ya kwanza alisema, "umechelewa kupandisha gia pale kwenye duka la dawa," alisikia kutoka kule, siku ya pili akasema, "leo umepandisha vizuri," tena akageuza uso ukutani na yeye hakujua kama kamfurahisha au kamuumiza, hakuuliza, alienda zake kufanya mtihani wa leseni akafaulu, akaiweka leseni kabatini chini ya mataulo kama mtu aliyeiba.

Mabehewa, mengine ya makaa, mengine yamefungwa, mengine matupu yenye mlango wazi pande zote mbili, unaona ng'ambo kidogo, mti, ukuta, mtu na baiskeli, halafu panajifunga… tuiuze, au amesema usiiuze? maana zote zina "i" na zote zina "z", Mungu, lugha hii nayo, herufi chache tu na maisha ya mtu yanageukia huku au kule, na yeye anajikuta amekwisha kuanza kubishana, hebu ona, anabishana moyoni na mume ambaye hata hajamsikia, ndiyo, mpya ni bora, nani amekataa, ni nyepesi, haili mafuta, haichomi paja, imemrudisha Waya barabarani, ingekuwa mtu angembusu, lakini hii, hii aliyoikalia sasa inayotetemeka chini yake kama mbuzi anayetaka kuruka, hii ukikosea inakwambia, inakuzimikia mbele za watu, ukipatia inakuimbia kuanzia tumboni mpaka kwenye meno, mpya ingemfundisha nini yeye, ingemsamehe kila kitu asingejua hata kama alikosea, na dakika zile chache, kutoka dukani mpaka hapa, kumbe hakuwa anamlinda Waya tu, kumbe katikati ya hofu yote ile alikuwa anafurahi, aliona duka la viatu lililopakwa rangi upya, aliona mbwa juu ya paa la gari bovu, aliona barabara, barabara nzima, na mgongo wa Waya ulikuwa mbali, mdogo, sehemu mojawapo tu ya mandhari, na mshono uleule bado umefumuka, akacheka, na haikumjia hata mara moja kwamba anataka kuwa pale nyuma yake, kwenye kiti kizuri cha kuegemea, haikumjia kabisa, na asubuhi amesema sawa, sawa gani, nani alisema sawa, ni yule wa kiti cha nyuma aliyesema, amezoea kuitikia upepo.

Basi hana haja ya kusikia, ndiyo jambo lenyewe, limemjia kama mtu aliyefungua dirisha chumbani, iwe Waya kasema tuiuze, iwe kasema usiiuze, jibu lake ni moja na halimsubiri mtu, na anainua kioo chake, anavuta hewa yenye vumbi la makaa, anapaza sauti mpaka koo linakwaruza, "Siuzi!" Waya anageuka, "Nini?" "Hii siuzi! Ni yangu! Mpya nunua, yako, hii ni yangu mimi!" na mtu mwingine wa baiskeli aliyesimama upande wao na trei za mayai anawatazama, mmoja baada ya mwingine, kama anayetazama mpira, na Waya amekunja uso ndani ya helmeti, ule upande mmoja wa uso unaochelewa kidogo kukunjika, anasogea, anaegemea upande wake mpaka helmeti zinagongana, na sauti yake inapita kati ya ngurumo, karibu, ya moto, "Nani kasema uuze? Mimi nimesema usiizime! Usiizime! Ikiwa ya moto haiwaki tena, unaijua!"

Usiizime.

Kidole bado kiko juu ya swichi, anakitazama, anakirudisha kwenye mshikio polepole kama mtu anayerudisha sukari ya watu, na kicheko kinaanzia mbali, magotini, kinapanda, anacheka mpaka anaogopa ataiangusha kwa kicheko, mtu wa mayai naye anacheka bila kujua anachekea nini, na Waya anangoja, ametulia kabisa, macho yake yanamtazama vile anavyotazama nguzo kabla ya kuipanda, mkondo unatoka wapi unaenda wapi, kisha anasema, si kwa ukali, "Kwa hiyo ni yako," na yeye, kicheko kimekatika, "Ndiyo, Baba," na Waya, "tangu lini," na yeye anafikiri kidogo, anaona afadhali aseme kweli, "tangu pale kwenye kokoto," na mumewe anatazama mabehewa, mkono wa kushoto unateleza kutoka kwenye mshikio, unaning'inia, na moyo wa mke unarukaruka lakini haurudi nyuma, hapana, unakaa palepale, angalia wenyewe ulivyokaa, hata akikasirika, hata wakirudi nyumbani bila kusemezana, umekaa, na Waya anasema bila kugeuka, "Sasa nyuma ya hii atakaa nani, kiti chote hiki?" na jibu lake linatoka kabla hajalipima, "Funga mizigo," na mabega ya Waya yanaanza kutikisika, kwanza kidogo, halafu yote mawili, anacheka, Mungu wangu, anacheka mpaka ya dukani inatikisika chini yake na skrini inawaka onyo fulani la rangi ya njano ambalo hakuna mwenye haja ya kulisoma, na kizuizi bado kiko chini, treni bado inapita, behewa kwa behewa, mkia wake wala hauonekani, na yeye anaweka miguu vizuri chini, vidole tu, anaisogeza ya zamani mbele kidogo, kidogo tena, mpaka tairi lake la mbele limelipita la mumewe, anaivutia mafuta mara moja ili pikipiki yake imsikie.