Panya wa Saboti na Waranti ya Bungoma

Panya ni mnyama wa ajabu, mtu asikudanganye. Mchukie, mtegee, mwekee dawa kila kona ya ghala, lakini siku utakayoiona kazi yake kwa macho yako mwenyewe utanyamaza. Everlyne wa Saboti alinyamaza, na huyo ni mama ambaye hata kanisani huwa hanyamazi.

Lakini tuanze na gari. Lilikuwa pikapu jipya. Simaanishi yale tunayoyaita mapya kwa sababu tu yameteremka juzi kutoka Japani yakiwa yameshachoka. Hili lilikuwa jipya kabisa, viti bado vimevaa nailoni. Everlyne alikuwa mjane. Tangu amzike Nehemiah, mumewe, alikuwa akikusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka Kitale kwa pikipiki za watu, na karibu nusu ya safari maziwa yalifika yameshaharibika. Chama cha akina mama kikamdhamini, benki ikakubali, na kampuni moja ya magari huko Bungoma ikamkabidhi ufunguo. Asubuhi za kwanza alikuwa akitoka na kikombe cha chai na kusimama uani kulitazama tu. Mlima Elgon ulionekana wote ndani ya mng'aro wa mlango wa gari, na mawingu yake, na ng'ombe wa jirani wakipita. Chai ilipoa mkononi mwake kila siku.

Basi, mwezi wa pili tangu alinunue haujaisha, gari likazima Kitale. Na lingezima pembeni tungesema asante, lakini wapi! Lilizima pale pale kwenye raundabauti, madebe ya maziwa nyuma, watu wa boda boda wakimpigia honi na kumwambia maneno ambayo mama mzima haambiwi. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja, zikazima kwa pamoja. Fundi mmoja wa hapo mjini akafungua boneti, akachungulia, akaifunga.

"Mathe, hii imeliwa," alisema.

"Imeliwa na nani?"

"Panya. Nyaya zimekatwakatwa. Na mimi siweki mkono hapa. Nikigusa, waranti yako imekufa."

Waranti! Everlyne alikuwa amelisikia neno hilo mara moja tu, siku ya kununua, na alilishika kama anavyoshika ahadi za kwenye Biblia. Akapiga simu Bungoma papo hapo, amesimama kando ya barabara na maziwa yakipata moto.

Meneja wa kule aliitwa Wanjala, mtu mpole wa sauti, wale wapole ambao ukimaliza kuongea nao unagundua umekataliwa. "Pole sana, mama," alisema. "Lakini waranti ni ya makosa ya kiwanda. Panya si kiwanda."

"Na kama panya ametoka kwenu?" Everlyne alisikia damu ikimpanda kichwani. "Si hapo nyuma ya yadi yenu kuna mashine ya kusaga unga? Siku nilipokuja kuchukua gari nilimwona panya juu ya ukuta, mkubwa ajabu, ananiangalia bila haya. Gari mlinipa na panya wake ndani!"

Wanjala alikuwa mtu wa haki, hilo tumpe. "Ikionekana panya ni wetu, kampuni itarekebisha kila kitu," alisema mwishowe. "Lete gari. Tutafungua sote tukiwa hapo."

Sasa ujue kilichokuwa kinamkaba Everlyne. Nyaya zile si za kuunganishwa kwa gundi. Ni mtandao mzima unatolewa na kuwekwa mwingine, na mama wa maziwa hana uwezo huo. Waranti ikikataa, gari linalala, maziwa hayaendi, benki inakuja kuchukua mali yake. Hakukuwa na njia ya tatu.

Gari lilikuwa limeshavutwa hadi nyumbani Saboti, na siku ya safari Jerop akasema anakwenda pia. Jerop ni mama yake Nehemiah, kikongwe mwembamba anayetembea haraka kuliko wajukuu, na Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu na bei ya kuku. "Mgonjwa hapelekwi hospitali na mtu mmoja," alisema kwa Kisabaoti, na alipoambiwa huyu si mgonjwa, ni gari, alikuwa ameshajifunga leso. Wakapanda mbele kwenye lori lililobeba pikapu mgongoni, wakapita Kiminini, wakapita Kamukuywa, na njia nzima Everlyne alikuwa akijifunza hotuba yake. Panya ni wenu. Nilimwona kwa macho yangu. Panya ni wenu.

Bungoma walimkuta Wanjala amevaa tai na kofia, amesimama na Bethwel, fundi wa kampuni. Nyuma ya ukuta mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma. Everlyne aliielekezea kidole kabla hata ya kusalimia.

Bethwel akafungua boneti. Nyaya zilikuwa zimegugunwa hadi shaba inang'aa. Sufu ya kuzuia joto, ile iliyobandikwa chini ya boneti, ilikuwa imetobolewa mashimo ya duara, safi, kama ya mkasi. "Lakini ameipeleka wapi yote hii?" Bethwel akajiuliza. Akachukua bisibisi, akafungua ile plastiki nyeusi iliyo chini ya waipa za kioo, akainyanyua.

Wote wanne wakainama kuchungulia.

Chini ya plastiki kulikuwa na konde. Naam, konde, la kijani, refu kama mkono wa mtu mzima. Mimea myembamba ilikuwa imechipua kwenye vumbi na majani makavu, mahali maji ya mvua hupita kutoka kwenye kioo, na yote ilikuwa imeinama kuelekea pale mwanga ulipokuwa ukipenya. Katikati ya konde hilo kulikuwa na nyumba. Panya alikuwa ameifuma kwa ile sufu, akaizungushia vipande vya nyaya, vyekundu, vya buluu, vya manjano, akatandika ndani nailoni ya viti iliyochanwa laini hadi ikawa pamba. Na ndani ya nyumba alikuwa mwenyewe, amelalia watoto. Alikuwa amepanda lori kutoka Saboti hadi Bungoma, na mashimo yote ya barabara ile, na asiruke. Hata sasa hakukimbia. Alikuwa akiwatazama watu wanne waliomfungulia paa.

"Mungu wangu," Wanjala akasema, na akavua kofia ambayo sidhani alijua anaivua.

Bethwel alikuwa ameinua bisibisi. Jerop akamshika mkono, akaushusha, bila kumtazama. Wakasubiri. Panya akamchukua mtoto mmoja mdomoni, akapita juu ya injini, akateremka kwenye tairi, akavuka yadi mchana kweupe mpaka ukutani, akapotea upande wa mashine ya kusaga. Kisha akarudi. Watu wazima, mmoja na tai, wakasogea kumpisha. Akachukua wa pili. Akarudi tena na tena mpaka nyumba ikabaki tupu, na kila alipopita Everlyne aliona manyoya ya mgongo wake yakitetemeka kwa woga, lakini alirudi tu. Everlyne, ambaye ameua panya wasiohesabika kwa jembe, hakukumbuka hata tusi moja.

"Umeona?" Wanjala alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Anajua njia! Ameenda moja kwa moja, hajauliza." Akainama, akang'oa mche mmoja, akaunusa. "Na huu ni wimbi. Hawa wa nyuma husaga wimbi na muhogo kutwa nzima. Mama, nadhani una haki. Wewe kwako unapanda nini?"

"Mahindi," Everlyne alisema, na ilikuwa kweli.

"Basi niambie tu kwamba wimbi huu haujatoka kwako, nami nasema panya ni wetu. Tunatengeneza lote. Neno moja tu."

Everlyne akafungua mdomo, na hapo hapo Jerop akapita mbele yake.

Kikongwe aliegemea gari, akaingiza mkono kwenye ule ukijani, akaupitisha juu ya miche polepole, huku na huku. Na Everlyne akakumbuka.

Siku gari lilipofika nyumbani, majirani walikuja, mchungaji akaomba, watu wakala. Kisha Jerop akatoka na kibuyu chake. Kwao ng'ombe mgeni humwingizi zizini hivi hivi. Unamnyunyizia maziwa na wimbi kichwani, unamtamkia mema, ndipo anakuwa wa nyumba. Jerop alilizunguka pikapu mara mbili, akauliza, "Na kichwa chake kiko wapi?" Watu wakacheka hadi machozi. Lakini Everlyne alifungua boneti. Alisema, "Hapa, mama." Jerop akamimina wimbi na maziwa, si kidogo, maana alikuwa anamwombea mke wa mwanawe aliyekufa, na mambo hayo hayapimwi kwa kiganja. Panya gani wa Saboti angepita hapo asigeuke? Alikuwa amealikwa!

"Ni ule wangu," Jerop alisema kwa Kisabaoti. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Everlyne, tazama. Ni wimbi ule nilioumwaga. Umeota juu ya chuma. Nilikuwa nikijiuliza usiku kama Mungu bado anasikia mtu mzee kama mimi. Tazama jinsi alivyosikia."

"Nyanya anasema nini?" Wanjala akauliza.

Hapo yadini hakuna mwingine aliyejua Kisabaoti. Hata mmoja! Everlyne angeweza kusema, anashangaa tu. Angeweza kusema, anaulizia choo. Neno moja, na gari lingerudi Saboti likiwa jipya, na mama mkwe asingejua lolote hadi kufa kwake. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akamtazama Jerop, mkono umezama kwenye miche hadi kifundo, uso wote unang'aa. Ile ilikuwa baraka. Iliombwa kwake, kwa jina lake, na ilikuwa imeota mbele ya macho yake mahali ambapo hakuna kitu huota. Aiite takataka za mashine ya kusaga? Mama mwenyewe akiwa amesimama pale analia kwa furaha? Alijaribu, nakwambia. Alijaribu na ulimi ukakataa.

"Anasema wimbi ni wake," alisema. "Aliumwaga yeye, siku tuliyolibariki gari. Na boneti nilimfungulia mimi."

Wanjala akauweka chini ule mche. "Mama, unajua umesema nini?"

"Najua."

"Sasa mimi siwezi tena..."

"Najua, bwana Wanjala. Huna haja ya kumalizia."

Jerop akageuka. Alikuwa ameona sura zao. "Kijana anasema nini?" akamuuliza Everlyne.

Na Everlyne, aliyekuwa amekataa kusema uongo mmoja uliomfaa, akasema mwingine bila hata kupepesa. "Anasema hajawahi kuona jambo kama hili tangu azaliwe. Anasema watalitengeneza gari letu, mama."

Jerop akafuta mikono kwenye leso. Akamwendea Wanjala, akamshika mikono yote miwili, akaifungua viganja juu, akavitemea mate kidogo, kama wazee wa mlimani wanavyobariki, na akaanza kusema. Alisema mengi, kwa sauti ya chini, na Wanjala, meneja mzima, akainamisha kichwa mpaka tai ikaning'inia hewani. Bethwel naye aliinama, ingawa hakuna aliyemwambia.

Alipomaliza, Wanjala hakuondoa mikono. "Ananibariki," alisema. "Kukhu, nyanya yangu mimi, alikuwa akifanya hivi hivi. Lakini kwa lipi?"

"Nimemwambia mnatengeneza."

Wanjala akalitazama lile konde dogo, nyumba tupu katikati yake, nyaya za rangi rangi. "Hajui kwamba ni yeye aliye..."

"Hajui," Everlyne akasema, na sauti yake ikakatika. "Na asijue. Tafadhali. Nitajua mimi la kufanya na gari."

Alikuwa anadanganya hapo pia. Hakuwa anajua la kufanya.

Jerop akavuta mkono wa Everlyne, akauliza swali. Everlyne akalitafsiri kama lilivyo, maana alikuwa amechoka.

"Anauliza tuje lini kulichukua."

Mashine ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta. Wanjala, yule mtu wa haki aliyewaleta wote pale ili ukweli uonekane, aliangalia viganja vyake ambavyo vilikuwa bado vimelowa, kisha akamwangalia kikongwe usoni.

"Mwambie kukhu wiki ijayo," alisema. "Tunatengeneza lote."

Everlyne akamgeukia mama mkwe wake, akamwambia ni wiki ijayo.