Toleo la Mia Tisa

Kwa muda mrefu vifurushi vya nyongeza vya Linux, mfumo wao wa kuendeshea kompyuta, yaani programu zisizokuja na mfumo wenyewe, vilikuwa vimetawanyika kwenye seva za watu, kila mtu na kona yake. Fundi na mwenzake Mvi, aliyeota nywele nyeupe kabla hata hajaoa, wakaamua kuvikusanya vyote kwenye ghala moja lenye ufunguo mmoja wa siri wa kutia saini, alama ya kuthibitisha kwamba toleo ni halali. Kompyuta yoyote iliyouamini ufunguo huo ingechukua toleo jipya kila alfajiri, yenyewe, bila kumuuliza mtu.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Vumbi la saruji lilitua kwenye kibodi, feni ikalipeperusha, likatua tena.

Vifurushi vyenye wenyewe vilihama upesi. Vilivyobaki vilikuwa yatima, vilivyoachwa na waandishi waliopata kazi, au watoto, au uvivu. Desturi ya kazi ile ni kwamba yatima ni wa atakayemlea. Huulizwi unatoka wapi. Rekebisha kasoro chache kwa adabu, utapewa. Ndivyo alivyoingia mtu waliyembandika jina la Mstaarabu, maana hakuomba jambo bila kutanguliza mistari minne ya salamu. Sauti yake hawakuwahi kuisikia. Alitaka kifurushi kimoja tu, kidogo, kisichopendwa na mtu: kile kinachochora mstari wa pumzi kwenye skrini za wodi.

Mvi akatania kwamba mkwe wa namna hiyo hata mama yake asingemkataa. Wakampa kifurushi, na ufunguo pamoja nacho.

Asubuhi moja dada yake Fundi, muuguzi wa wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao, akapiga simu. Hospitali yake ilitumia Linux hiyohiyo. Fundi ndiye aliyewashawishi, na majigambo yake juu ya hilo yalikuwa yameshawachosha nyumbani. Dada hakusalimia.

"Mdogo wangu, nimemtoa mtoto kwenye mashine nimsafishe. Ninaye mkononi hapa. Mashine inasema bado anapumua kitandani."

Fundi akafungua ghala. Jana kifurushi cha pumzi kilikuwa toleo la nne. Sasa kilikuwa la mia tisa.

Kukifuta kusingesaidia. Kompyuta ikishapanda mia tisa haishuki tena. Ndivyo walivyozipanga wenyewe, ili mtu asirudishiwe programu mbovu za zamani. Dawa ilikuwa kuchukua kazi safi ya toleo la nne na kuiita mia tisa na moja. Wakafanya hivyo. Hata hawajaegemea viti, ikatokea mia tisa na mbili, na chini yake salamu, mistari minne.

"Mfungie mlango," Fundi akasema.

"Mlango upi, ndugu yangu?" Mvi akauliza. "Ufunguo ni mmoja, na tunao wote watatu."

Fundi akazima seva. Ghala lote likazimika, kazi ya watu wengi, naye hakulitazama mara mbili. Akarudi kwenye simu.

"Dada, zima skrini zote."

"Nizime? Wodi imejaa na tuko wawili."

"Zima. Wekeni mikono vifuani mwao. Huo mstari ni uongo, utaendelea kupanda na kushuka hata kama..."

Akasikia swichi zikizimwa, kisha sauti ya dada yake ikisogea kitanda hadi kitanda. Huyu yupo. Huyu yupo. Huyu naye yupo. Kisha kiti kikaanguka, dada akamwita mwenzake alete hewa. Fundi akang'ata ngumi. Baada ya muda kilio chembamba kikasikika, kama cha paka mdogo, na dada akakata simu bila kuaga.

Mvi hakusogea. Akauliza kwa sauti ya chini ni nani wengine waliochukua mia tisa alfajiri ile.

Ghala lao halikuandika majina ya wanaochukua. Walikuwa wakijivunia jambo hilo, kwamba kila mtu yuko huru kuingia na kutoka. Na ghala lililozimwa haliwezi kutuma hata onyo.

Huko kwenye wodi nyingine, popote zilipo, mistari ilipanda na kushuka vizuri, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kupiga simu.