Mbwa Aliyepelekwa kwa Dubu

Kila Agosti, matunda mekundu yakiiva kwenye mteremko ulio juu ya kijiji, Anghel Todoran hakuwa akitulia nyumbani. Mwaka mzima alipiga picha za harusi na ubatizo, watu wamekodoa macho na tai zimewakaba, na kazi hiyo ilimlisha. Lakini moyo wake ulikuwa kwa dubu mmoja jike, mwenye watoto wawili, aliyekuja kula matunda pale juu. Alimwita Bibie. Mkewe, Saveta, akawa anawaambia majirani kwamba amepata mke mwenza mwenye manyoya.

Mzaha huo uliisha siku Anghel alipotamani picha ya uso. Za mbali alikuwa nazo tele, za mbali hata watalii wanazo. Saveta alimjua mumewe: jicho likishazama kwenye kamera, miguu inajiendea yenyewe. Akabembeleza, akanuna, akamnyima hata ugali na jibini la asubuhi. Wapi! Basi akapanda zizini kwa kaka yake, Gligor, kuomba mbwa wa kumsindikiza.

Gligor hakupenda. Haiduc wake, alisema, ni mbwa wa kondoo. Akiwa na kundi na mbwa wenzake atapambana na dubu mpaka kuche, lakini peke yake, bila kondoo, hana anachokilinda. Saveta alizaliwa na kukulia zizini humo humo na hayo aliyajua kuliko sala zake, ila hofu ilikuwa imemziba masikio.

"Nipe mbwa, kaka," alisema. "Usinifundishe mbwa mimi."

Yaliyofuata Saveta alisimuliwa na Anghel mwenyewe hospitalini, bega limeshonwa na uso umevimba upande mmoja. Alikuwa amenyata mpaka akaona unyevu puani mwa Bibie. Haiduc akamwona mtoto wa dubu, akamrukia. Mtoto akaparamia mti akilia, mama akageuka. Mbwa kutazama, yuko peke yake. Akakimbilia kwa mtu wake, dubu nyuma yake. Anghel alijitupa kifudifudi na kuziba shingo kwa mikono. Alipigwa mara moja tu, kisha Bibie akarudi kwa mwanawe.

Habari ya mbwa Saveta hakuifikisha kijijini. Alisema tu kwamba dubu amemrarua mume wake, na hilo lilitosha wanaume kuanza kusafisha bunduki. Naye alimchukia yule mnyama kwa roho yake yote. Kumchukia kulikuwa rahisi kuliko kumfikiria Haiduc.

Ndipo akaja bwana misitu, Onoriu, akavua kofia na kuketi kando ya kitanda. Aliuliza kwa upole kama dubu alichokozwa. Dubu anayevamia watu bure hupigwa risasi, alisema, na wale watoto bila mama hawatauona mwaka mpya.

Anghel alimtazama mkewe kwa lile jicho moja lililokuwa likifunguka. Saveta akasubiri aseme. Mwanamume huyu alikuwa amemzungumzia Bibie kila mlo kwa miaka mitatu, hata mtu akachoka.

"Sikumbuki vizuri, bwana," Anghel alisema polepole. "Nadhani alinijia tu."

Akageuza uso ukutani. Saveta akaelewa, na moyo ukampasuka. Mume wake alikuwa anamtoa Bibie kafara ili mkewe asiaibike.

Onoriu alishainuka, ameshika kofia, Saveta alipomshika mkono.

"Kaa, bwana. Kulikuwa na mbwa."

"Saveta, nyamaza," alisema Anghel.

"Wewe ndiye unyamaze, umeshasema uongo wako. Mbwa wa zizini, bwana, peke yake, bila kondoo. Alimrukia mtoto. Na mbwa huyo nilimpeleka mimi, binti wa mchungaji, najua fika. Waambie wote, wanicheke mpaka wachoke. Yule mama alikuwa analinda wake. Na mimi nilikuwa nalinda wangu. Kwa hiyo kama ni bunduki, mtuelekezee sote wawili."

Onoriu aliiweka kofia yake kwenye meza, akaketi tena.

Anghel alikuwa analia kwa lile jicho moja. Saveta akamfuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, kwa ukali kidogo, kama anayemfuta mtoto makamasi, akamwambia kwamba tangu leo picha za uso atapiga za maharusi.