Vifundo Chini ya Kola

Elida alirudi kutoka Kasulu siku ya Jumatano, mama yake akiwa ameanza kupata nafuu, na kitu cha kwanza kilichomtia shaka nyumbani kilikuwa ni mume wake kupendeza.

Alimkuta getini akitoka kazini. Suruali ya kijivu, shati la samawati, tai ya damu ya mzee, mkanda na viatu vyote vyeusi. Mke mwingine angefurahi. Elida alimpokea mkoba, akampa pole ya kazi, lakini macho yake yaliganda kwenye ile tai.

Jonathan alizaliwa na macho yasiyotofautisha wekundu na kijani. Kwake yeye damu ya mzee, kijani cha majani na kahawia vilikuwa kitu kimoja, rangi ya udongo ulionyeshewa. Zamani, alipokuwa karani wa stoo bandarini, halikuwa tatizo, maana alishinda na ovaroli. Lakini kampuni yake, inayopeleka mizigo Kalemie na Bujumbura, ilipomfanya meneja wa tawi, ikambidi avae suti na kukaa meza moja na wateja wakubwa. Ndipo Elida, mwalimu wa shule ya msingi pale Rusimbi, alipojitwika kazi ya kumpanga. Alikuwa na kanuni zake. Suruali iwe ya rangi tulivu, shati liwe la rangi iliyopoa kuliko koti, rangi kali iwe moja tu na ibebwe na tai, viatu visigombane na mkanda. Kila asubuhi aliziweka nguo kitandani, na Jonathan akazivaa bila kuuliza.

Kabla ya kwenda Kasulu alimwachia nguo zilizopangwa tayari kwenye henga. Lakini ugonjwa wa mama ulirefuka, na zile alizopanga zilikuwa zimeshavaliwa zamani. Tena tai hii aliiacha pamoja na shati jeupe. Ni nani aliyeihamishia kwenye la samawati?

Wakati wa chakula alimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Jonathan akasema alibahatisha tu. Alisema huku akichambua miiba ya samaki wa mgebuka, bila kuinua uso. Walikuwa na binti mmoja, Melania, aliyekuwa bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa kimya, na katika kimya kile neno "nilibahatisha" lilimzunguka kichwani mpaka akaosha vyombo, mpaka akalala.

Aliendelea kumwangalia. Asubuhi iliyofuata alipotaka kumpangia nguo, Jonathan alimwambia apumzike, safari ilimchosha, atajivalia mwenyewe. Akatoka chumbani amepangika. Ijumaa vilevile. Elida akaanza kuhesabu watu wanaoweza kumvalisha mwanamume wa mwenzao.

Jumatatu aliaga mapema, akasema ana zamu shuleni. Kabla ya kutoka, Jonathan akiwa bafuni, alilifungua kabati na kulivuruga. Tai ya kijani aliitundika mahali pa ile ya damu ya mzee, suruali ya kahawia akaitia chini ya koti la bluu, mashati akayahamisha huku na huku. Mchana, vipindi vyake vilipokwisha, alipanda bodaboda mpaka ofisini kwa mumewe, eti amesahau ufunguo wa nyumba.

Jonathan alikuwa amesimama mapokezi na mteja. Koti la bluu iliyokolea, suruali ya kijivu, shati la rangi ya maziwa, tai ya kijani. Elida mwenyewe asingeweza kumpanga vizuri zaidi.

Msichana wa mapokezi, Regina, alimkaribisha kwa heshima. Akamwambia siku hizi meneja anawapendezea kweli, mpaka wafanyakazi wanamtania kwamba amepata mtu wa kumpamba. Elida akacheka naye. Lakini alipotoka pale hakuona ziwa wala malori yaliyopanga foleni ya kuingia bandarini. Aliona kucha za Regina, zilizopakwa rangi ileile ya kitambaa chake cha kichwani. Mwanamke anayelinganisha kucha na kitambaa, alijiambia, hashindwi na tai.

Wiki ile yote hakumuuliza mumewe kitu. Alipokea mkoba, akapakua chakula, akanusa mashati yaliyotoka kazini. Yalinuka jasho na sabuni yao wenyewe. Hilo halikumtuliza. Alijisemea kwamba mtu mwangalifu haachi harufu.

Jumamosi alikaa uani kufua. Alipokuwa akisugua shati la rangi ya maziwa, kidole chake kilikwaruzwa na kitu chini ya kola. Kilikuwa kifundo cha uzi, kidogo kama punje ya mtama, rangi ileile ya kitambaa, hata jicho lisingekiona. Akalishika shati jingine. Lilikuwa na vifundo viwili. Akaziacha nguo majini, akakimbilia kabatini. Kila suruali ilikuwa na alama ndani ya kiuno, kila tai ilikuwa na alama kwenye mkia wake. Baadhi zilikuwa na kifundo, nyingine mshono mrefu.

Elida alikuwa mtu wa kanisa na mambo ya waganga alikuwa akiyacheka. Siku ile hakucheka. Alikaa kitandani, nguo za mumewe zimemzunguka, akijiuliza kitu gani kimeshonewa ndani yake na ni nani aliyekishona yeye akiwa Kasulu.

Alilikunja shati moja akalitia kwenye kipochi, akaenda sokoni Mwanga kwa mafundi cherehani. Wa kwanza aliyemwonyesha alisema hiyo si kazi ya cherehani, ni ya mkono, na mkono wenyewe anaufahamu. Akamwelekeza kwenye kibaraza cha Mwanaima, mama wa makamo kutoka Ujiji, anayedarizi kanzu na kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Elida hakukaa. Alilikunjua shati, akageuza kola. Mwanaima alipitisha kidole mara moja, akasema ndiyo, ni yeye aliyeshona.

"Ni dawa?" Elida aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwanaima alimtazama, kisha akaweka sindano pembeni. "Ni uzi, mwanangu. Vifundo viwili ni wekundu, vitatu ni kijani, mshono mrefu ni kahawia. Zile za rangi iliyopoa ni kifundo kimoja. Alitaka kuzijua nguo zake kwa vidole, na nini kinakwenda na nini. Nikamweleza, akashika haraka."

Elida akauliza aliyezileta alikuwa nani. Mwanaima akasema alizileta mwenyewe kwenye begi la safari, peke yake, akakaa palepale kibarazani kuzisubiri.

"Mimi ndiye mke wake."

"Nimekuona ulivyolishika hilo shati, nikajua." Mwanaima alilikunja shati taratibu, akamrudishia. "Nilimuuliza kama hana mke wa kumtazamia rangi. Akanyamaza. Nikaona nimeuliza vibaya."

Elida aliondoka Mwanga bila kununua hata nyanya. Alikwenda pale akiwa na hasira ya mwanamke aliyeibiwa. Alirudi na kitu kizito zaidi, ambacho hakukijua jina.

Jonathan alikuwa sebuleni. Elida aliliweka shati mezani, kola juu, akasema ametoka kwa Mwanaima. Jonathan hakukana. Alimuuliza kama anaikumbuka siku ya wageni wa Kalemie.

Usiku wa kuamkia siku ile, miezi kadhaa kabla ya safari ya Kasulu, waligombana, kwa sababu mdogo wake Jonathan alitaka kuhamia kwao na Elida alikataa. Asubuhi hawakusemeshana. Elida aliweka nguo kitandani akaenda zake shule. Jonathan akavaa, akawapokea wageni, akawatembeza bandari nzima. Baadaye mmoja wao akamuuliza kama leo anaimba. Watu wakacheka naye akacheka, bila kujua anachekea nini, mpaka Regina alipomnong'oneza kwamba amevaa suruali ya kijani ya sare yake ya kwaya ya kanisani, na tai nyekundu juu yake. Alikaa nyuma ya meza mpaka jioni, wateja wakimjia yeye hainuki.

"Nilijua umenikomoa," alisema.

Elida alikumbuka. Alfajiri ile, kukiwa bado giza, umeme ulikuwa umekatika. Alipanga zile nguo kwa tochi ya simu iliyokuwa inakaribia kuzima, akadhani ameshika suruali nyeusi. Alimweleza hivyo. Akasema kununa alinuna, ila kumvalisha mumewe achekwe hakuwa na moyo huo.

"Hukuniuliza," alisema. "Miezi yote hiyo."

"Ningekuuliza ungesema hapana. Ningeamini vipi? Macho ni yako." Jonathan alisugua magoti yake. "Kila asubuhi nilipotoka hapa niliangalia nyuso za watu kwanza, nione kama zinacheka. Ulipokwenda Kasulu ndipo nikapata nafasi."

Sasa ilikuwa zamu ya Elida, na hakutaka kubaki na kitu. Alimwambia alivyomshuku Regina, alivyonusa mashati, na jinsi ile Jumatatu alivyolivuruga kabati ili amnase.

Jonathan alipitisha kidole chini ya kola ya lile shati mezani.

"Kwa hiyo safari hii ulifanya kweli," alisema. "Kama si vifundo, ningekwenda kazini vile."

Elida alijua ni kweli. Alilichukua shati mezani, akarudi uani kumalizia kufua, na maji yalikuwa yamepoa.

Siku zilizofuata walizungumza mambo ya nyumba tu. Elida hakugusa tena kabati la mumewe, na asubuhi mikono yake ilikosa kazi. Alipiga pasi gauni lake la kazini mara mbili. Jonathan alijivalia na hakukosea.

Jumapili ya wiki iliyofuata walikuwa wanakwenda kanisani. Elida alikuwa mlangoni na Biblia yake mkononi Jonathan alipotoka chumbani, akasimama mbele yake.

"Mama Melania, inakaa?"

Shati lilikuwa la samawati, suruali ya kijivu. Tai aliyovaa ilikuwa mpya, zawadi ya mteja, ya njano yenye maua ya zambarau. Haikuwa na alama yoyote.

"Haikai," Elida alisema. "Inapiga kelele. Badilisha."

Jonathan hakuondoka mara moja. Alimtazama usoni, kwa makini, kama alivyokuwa akitazama nyuso za watu barabarani, na Elida akajua anapimwa. Alimwachia ampime. Kengele ya kanisa ililia, majirani wakapita na watoto wao, naye Jonathan bado amesimama.

Kisha akaifungua tai shingoni, akairudisha chumbani, akatoka na nyingine. Hakuuliza tena. Elida akafunga mlango, wakashika njia.